Usiweke paa jipya juu ya paa la zamani

Wiki hii ni zamu yangu kuandika. Wengine wameandika kuhusu shule, kuhusu ndoa, kuhusu safari ya kwenda Marekani ambayo kila mwaka inaahirishwa. Mimi naandika kuhusu paa. Najua kuna mtu atasema, paa nayo ni habari? Ngoja mvua ya mwezi wa tisa ifike, halafu tuongee.

Mimi ninajitolea upande wa makazi hapa Nakivale, kusini magharibi ya Uganda. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, hasa kwa wazee, wajane na watu wenye ulemavu, naandika nyumba gani inavuja na ukuta gani umeanza kulala. Sina diploma ya ujenzi, nilimaliza sekondari basi. Ninachojua nimefundishwa na mafundi wa hapa hapa kambini, na kingine nimekiona kwa macho yangu kwenye nyumba ya mama yangu, ambayo mwaka jana tulibadilisha paa. Nataka kuwaeleza tulivyofanya, kwa sababu naona watu wengi wanapoteza mabati yao bure.

Kwanza mjue paa letu lilikuwaje. Tulifika hapa 2012, wakati wa vita vya M23, tukitoka Rutshuru na kupita Bunagana. Mimi nilikuwa mtoto. Tulipewa kiwanja, turubai la mita 4 kwa 5, na miti michache. Turubai hilo ndilo lilikuwa paa na ukuta. Baadaye tulipiga udongo, tukapandisha ukuta, tukaezeka nyasi. Nyasi zilipochoka tukaweka turubai juu ya nyasi. Turubai lilipoliwa na jua tukaweka turubai lingine juu ya lile. Upepo ukachana la pili, tukapata kipande cha tatu kwa jirani aliyehama, nacho tukakitupia juu na kukikandamiza kwa mawe na matairi ya baiskeli. Hapo paa lilikuwa na tabaka nne, na bado lilikuwa linavuja.

Wengi wetu tunafanya hivyo, na sababu zake nazielewa. Kuweka turubai juu ya turubai ni kazi ya saa mbili. Usiku huo huo unalala mkavu. Hakuna mtu wa kumlipa, hakuna mbao ya kununua. Lakini chini kuna kitu kinaendelea ambacho hukioni. Nyasi zikifungiwa chini ya plastiki hazipati hewa. Maji yaliyokwisha kuingia hayakauki. Nyasi zinaoza, ule unyevu unashuka kwenye miti, na mchwa wanapenda mti wenye unyevu kuliko mimi ninavyopenda sombe. Juu yake unaongeza mawe. Kwa hiyo kila unapotengeneza paa kwa namna hiyo, unaongeza mzigo juu ya mti ambao kila mwaka unapungua nguvu. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba nayo ni hivyo.

Sasa, kikwazo cha kwanza hakikuwa pesa. Kilikuwa mama.

Pesa tulikuwa tumezikusanya kwa miaka mitatu: mgao wa mama kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, posho yangu ya kujitolea, na kidogo kutoka kwa kaka anayefanya kazi Kampala. Zilitosha mabati. Lakini mama kila mara alikuwa na jibu moja: "Mabati ni ya watu wanaokaa. Sisi tunarudi." Kule Rutshuru nyumba yetu ilikuwa na mabati. Tulipokimbia, watu waliyang'oa yote. Jirani aliyebaki nyuma alitupigia simu akasema imebaki kuta tu, na mvua imeanza kuzila. Mama hakulia siku ile, lakini tangu hapo neno bati kwake lilikuwa neno la kupoteza. Kuezeka mabati hapa ilikuwa kama kusema kule kumekwisha.

Mimi sikubishana naye. Mtoto hawezi kumwambia mama yake aache kungoja nyumbani. Halafu 2022 mapigano yalianza tena, Bunagana ikachukuliwa mwezi wa sita, na watoto watatu wa marehemu mama mdogo wakafika kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Tukawa watu sita. Mvua ya kwanza waliyolala hapa, mama alikesha akihamisha sufuria kutoka pembe hii kwenda pembe ile, na wale watoto wamekaa kitandani wamekunja miguu. Mwaka ukapita, mvua nyingine ikaja, sufuria zile zile.

Aliyembadilisha mawazo ni fundi wetu, mzee mmoja wa kijijini kwetu, seremala tangu Kongo. Alikuja kuangalia, akapanda ngazi, akashuka, akakaa kwenye kiti. Mama akamwambia maneno yake yale yale, kwamba sisi ni watu wa muda. Mzee akamjibu kwa upole: "Mama, mvua haijui wewe ni wa muda. Na bati si ukuta. Siku ya kurudi nitakuja mimi mwenyewe na nyundo, nang'oa msumari mmoja mmoja, unayafunga mabati yako kwa kamba, unaenda nayo. Nyasi ndiyo hutaenda nayo." Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, mabati ni mangapi?

Basi tukapima. Nyumba ina vyumba vitatu vilivyopangana, urefu karibu mita 9, upana mita 4. Fundi alitaka paa la migongo miwili, lenye mteremko mzuri: kwa kila mita 2 za kwenda pembeni, mita 1 ya kupanda. Paa la bati likilala sana maji yanatembea polepole na kuingia kwenye maungio, na upepo unalinyanyua kwa urahisi. Kila upande paa lilipaswa kupita ukuta kwa nusu mita. Hii watu wanaiona kama kupoteza bati, lakini kuta zetu ni za udongo. Maji yakidondoka karibu na ukuta yanaula mguu wake, na baada ya misimu michache una paa zuri juu ya ukuta unaoanguka. Kwa hesabu hiyo bati moja la mita 3 linatosha kushuka kutoka mgongoni hadi ukingoni bila kuunga. Kwa urefu wa nyumba, baada ya kutoa sehemu za kupandana, bati moja linafunika kama sentimita 76. Tukapata mabati 13 kila upande, jumla 26, pamoja na kofia za mgongo.

Kuhusu unene: dukani watakuuliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Tulichukua geji 30. Bati jembamba sana linajikunja ukilikanyaga, na msumari unalichana upepo ukivuma.

Tukanunua mabati 26, tukayaweka ndani. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Hapo ndipo vijana wenzangu walioahidi kusaidia walitoa wazo: kwa nini tusiyapige mabati moja kwa moja juu ya miti ile ile? Tunakunja turubai, nyasi tunaziacha zilete ubaridi, tunamaliza siku moja. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika jioni. Mama mwenyewe aliona ni wazo zuri. Hata mwenyekiti wa kijiji alipita akasema fanyeni haraka.

Mzee fundi alikataa. Alisema yeye hafuniki kitu ambacho hajakiona. Kama mnataka kufunika, tafuteni fundi mwingine.

Tulibomoa siku ya Jumamosi, kwa salongo, watu wanane. Nitataja mpangilio, utawasaidia. Vitu vyote vya ndani vinatolewa kwanza. Unafunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la nyasi iliyooza linakaa kifuani. Unagonga paa kwa mti mrefu kabla ya kuingiza mkono, kwa ajili ya nyigu na nyoka. Sisi tulikuta panya na kiota kimoja cha nyigu. Unaanza kutoa juu kwenda chini, na pande zote mbili kwa pamoja, maana ukitoa upande mmoja tu mzigo unavuta nyumba upande wa pili. Turubai zilizobaki nzima hazitupwi. Nyasi tulipeleka shambani kwenye migomba.

Nyasi zilipoisha, mzee akapanda na bisibisi. Alikuwa anaichoma kwenye kila mti, taratibu, kama daktari anavyochoma sindano. Mti mzima unagoma. Alipofika kwenye mti mkubwa wa katikati, ule unaobeba mgongo wote wa paa, bisibisi iliingia hadi mpini. Akaugonga, ukalia kama ngoma. Nje ulikuwa na ganda zuri la mkaratusi, ndani mchwa walikuwa wamebakiza unga. Miti mingine minne ilikuwa hivyo hivyo. Na juu ya ukuta wa chumba cha watoto, udongo ulikuwa umelainika kiasi cha kuuchota kwa kidole.

Hakuna aliyesema kitu. Watu wote walikuwa wanawaza jambo moja: kama tungepiga mabati juu ya mti ule, na sisi tukalala chini yake.

Sasa tukawa na mabati 26, hatuna mbao, hatuna pesa, na nyumba iko wazi. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kubadilisha paa, na ni sababu nyingine watu wanaogopa kubomoa. Ukifungua, lazima ushughulikie ulichokiona. Jioni ile tulikaa na mzee tukapiga hesabu. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza, kukopa, na riba ya mtaani mnaijua. Ya pili, kurudisha mabati 8 dukani kabla hayajatobolewa msumari, kuchukua mbao, na kuezeka vyumba viwili tu. Vyumba viwili vinahitaji mabati 18, tisa kila upande. Chumba cha tatu kibaki na turubai.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema: "Nataka vyumba viwili ambavyo sitaamka usiku kuviangalia. Kile cha tatu tuweke kuni na mahindi hadi Mungu atakapofungua." Kesho yake nilipanda gari na mabati 8 kwenda Mbarara. Mwenye duka aliyapokea kwa bei ya chini kidogo, tukapata mbao za kenchi, papi, misumari na waya. Ndugu wa mashirika wanajua kipimo cha Sphere cha mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Vyumba vyetu viwili ni mita 24 za mraba kwa watu sita, sawa na mita 4 kila mmoja. Tunabanana, lakini tuko ndani ya kipimo, na tuko wakavu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza tulitengeneza sehemu ya juu ya ukuta, tukatoa udongo uliolainika na kupiga mpya, ukakauka siku nne chini ya turubai za zamani. Tulilaza ubao juu ya ukuta, na tukaufunga kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta karibu mita 1 na kuzungushwa kwenye miti ya ukuta. Kenchi nazo tukazifunga kwa waya kwenye ubao huo. Msumari peke yake hautoshi, kwa sababu upepo mkali haushushi paa, unalivuta kwenda juu. Mbao zote tulizipaka oili chafu ya magari kwa ajili ya mchwa. Halafu papi zikapigwa juu ya kenchi, kwa nafasi sawa, na kamba ikavutwa kuhakikisha zimenyooka. Papi ikiwa imepinda, bati halikai, na pale litakapopanuka maji yatapita.

Mabati tulianza kuyalaza upande ambao upepo unaelekea, tukarudi kuelekea upande unakotoka. Kwa namna hiyo mdomo wa kila maungio unaupa upepo mgongo. Bati linapanda juu ya mwenzake kwa migongo miwili. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu maji yanatembea bondeni. Kichwa cha msumari kinakuwa na kofia na mpira, unaupiga mpaka mpira ukae vizuri, si mpaka bati libonyee. Kwenye ukingo wa chini na kwenye mgongo wa paa tuliongeza misumari, maana upepo unaanzia hapo. Ukiwa juu unakanyaga penye papi tu. Na siku ya upepo hakuna kupanda. Bati la mita 3 mkononi mwa mtu likishikwa na upepo linampeleka linakotaka.

Pale chumba cha pili kinapokutana na cha tatu, tulisukuma turubai liingie chini ya bati, na bati likalipita kwa sentimita 30. Kilicho juu lazima kimwagie juu ya kilicho chini. Hii ni kanuni ya paa lolote duniani, liwe la vigae, la mbao, la nyasi au la turubai. Ukiikumbuka hiyo tu, utatengeneza sehemu nyingi zinazovuja bila kumwita fundi. Mwisho tuliacha nafasi ya hewa juu ya kuta za pembeni, kwa sababu mabati yana joto la mchana ambalo nyasi hazina. Hilo siwafichi. Na mvua ikinyesha kelele yake huwezi kuongea na simu.

Mvua ilifika siku tisa baada ya msumari wa mwisho. Wale watoto watatu walilala hadi asubuhi. Mama alinyanyuka usiku kwa mazoea, akashika sufuria, akasimama katikati ya chumba akisikiliza. Halafu akaitoa nje, akaiweka chini ya ukingo wa paa kukinga maji.

Na maji hayo ni faida ambayo watu wanaisahau. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu linafunika kama mita 33 za mraba za ardhi. Mvua ya milimita 10 inakaribia lita 300, hata ukitoa zinazoruka na kupotea. Kwa anayejua foleni ya bomba na jerikeni za lita 20, afanye hesabu mwenyewe. Dakika za mwanzo unaacha yamwagike yaoshe vumbi, baada ya hapo unakinga. Mwezi wa kumi tuliweka mfereji wa bati upande mmoja.

Sasa neno kwa ndugu wa mashirika, nalisema kwa heshima. Tunajua pesa zimepungua na ninyi wenyewe mnahangaika. Lakini ukimpa mjane mabati bila mbao, misumari na waya, umempa nusu ya paa, na nusu ile nyingine ataitafuta kwenye miti iliyokwisha liwa. Afadhali nyumba kumi zilizofunguliwa na kufungwa vizuri kuliko ishirini zilizofunikwa. Na kwenye fomu zetu tunazojaza, naomba kuwe na mstari mmoja unaouliza: je, miti ya zamani ilikaguliwa? Kukagua hakuhitaji bajeti. Kunahitaji bisibisi na ngazi.

Kwa vijana wenzangu: wengi wenu mnaishi na wazazi wanaosema maneno ya mama yangu. Msiwacheke. Mwenye kungoja nyumbani ana sababu zake. Lakini mmuulize kwa upole, mvua ngapi zimepita tangu tuanze kungoja? Mama bado anasema tutarudi. Hajabadilisha hata neno. Nyuma ya mlango kuna kamba mpya aliyoinunua mwenyewe, ameikunja vizuri, anasema ni ya kufungia mabati siku hiyo.

Chumba cha tatu bado kina turubai. Kikundi cha kuweka na kukopa kinagawana mwezi wa kumi na mbili, na mabati 8 tumeshayapangia. Kama kuna mtu kijijini kwenu anataka kubomoa paa na hana watu wa salongo, niandikieni. Jumamosi nina nafasi, na ngazi ninayo.